Babu alipigana Vita vya Kagera, mhadhiri anataka nadharia: nimsikilize nani?

BARUA

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa nchini, na ninasomea siasa za dunia na uhusiano wa kimataifa. Niliichagua kozi hii kwa sababu tangu nikiwa sekondari nilikuwa nikifuatilia taarifa za habari za nje kila jioni, nikaamini kwamba chuoni nitafundishwa kwa nini mambo yale yanatokea. Badala yake muhula mzima umepita tukitajiwa uhalisia, uliberali, nadharia ya ujenzi wa kijamii na nyinginezo, kila moja ikimpinga mwenzake, nami mpaka leo sijaelewa ni ipi iliyo ya kweli.

Shida yangu imekuwa kubwa zaidi kutokana na insha moja. Tuliulizwa hivi: "Je, Tanzania ilikuwa na haki ya kuendelea na vita hadi Kampala mwaka 1979? Jadili kwa kutumia nadharia mbili." Kwetu ni Missenyi, mkoani Kagera, na babu yangu mzaa baba alikuwa mgambo aliyeingizwa jeshini wakati wa vita hivyo akavuka mpaka pamoja na wenzake. Niliandika kurasa sita kuhusu uvamizi wa majeshi ya Uganda, daraja la Kyaka lilivyobomolewa, mifugo iliyoporwa na watu waliouawa, kisha nikahitimisha kwamba tulikuwa na haki kabisa. Mhadhiri aliandika pembeni: "Hii ni hotuba, si uchambuzi." Aliniruhusu kurudia. Mara ya pili nikaijaza insha maelezo ya nadharia kutoka vitabuni, na vita nikavipa aya moja ya mwisho. Akaandika: "Sasa umeniletea nadharia bila vita."

Wakati wa likizo nilimsomea Babu sehemu ya kitini chetu inayosema kwamba Mkataba wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na kwamba baadhi ya viongozi wa Afrika walimlaumu Mwalimu Nyerere. Babu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema, "Nenda Kaboya, kwenye makaburi ya wenzangu, ukawaambie kwamba walivunja sheria." Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya masomo yangu, na baba mdogo, ambaye ndiye anayenilipia ada, anasema ni afadhali nihamie uhasibu kuliko kusomea kumtetea nduli Idi Amin.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nadharia ipi ni sahihi? Insha hii niiandikeje? Na je, nikifuata anachotaka mhadhiri, nitakuwa nimemsaliti Babu?

Mjukuu wa Mgambo,
Dodoma

JIBU

Marahaba, binti yangu. Insha zako mbili hazikushindwa kwa sababu huvijui vita, wala kwa sababu huzijui nadharia. Zimeshindwa kwa sababu swali uliloulizwa lina kazi mbili ndani yake, nawe ulizifanya kama kazi moja. Kazi ya kwanza ni kueleza: kwa nini Tanzania, iliyokwisha kuwafukuza wavamizi kutoka katika ardhi yake, iliendelea mbele badala ya kusimama mpakani? Kazi ya pili ni kuhukumu: je, kwa kipimo cha sheria na cha maadili, ilistahili kufanya hivyo? Mtu anaweza kulieleza tendo kwa ukamilifu bila kulihalalisha, na anaweza kulihalalisha bila kujua lolote kuhusu sababu zilizolileta. Insha yako ya kwanza ilihukumu bila kueleza. Ya pili ilikusanya vyombo vya kuelezea bila kuvitumia. Babu naye alisikia hukumu pale ambapo kitini kilikuwa kinatoa taarifa tu, kwamba mkataba fulani ulisema hivi na viongozi fulani walisema vile.

Mchanganyiko huo usikutie aibu, kwa maana taaluma yenyewe ilizaliwa nao. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa kilianzishwa mwaka 1919 huko Aberystwyth, Wales, mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na waliokianzisha hawakutaka tu kujua kwa nini mataifa hupigana; walitaka yaache kupigana. Tumaini lao kubwa lilikuwa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1935 Italia ikaivamia Ethiopia, mwanachama mwenzake wa Shirikisho hilo. Vikwazo vilivyowekwa dhidi yake viliacha mafuta nje, na Juni 1936 Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia akasimama Geneva kuwaeleza wajumbe kile ambacho ahadi zao zilikuwa zimeshindwa kukizuia. Ni katika miaka hiyo ya kuvunjika moyo ndipo hoja za wahalisia, wanaotazama nguvu za dola kabla ya ahadi zake, zilipopata nguvu, hasa katika maandishi ya Mwingereza E. H. Carr mwaka 1939. Vitabu vingi vya utangulizi hulipita jambo la Ethiopia kwa sentensi moja na kukimbilia Ulaya, jambo ambalo mimi huliona ni hasara kwa msomaji wa Kiafrika, kwa sababu mjadala mkubwa wa kwanza wa taaluma hii ulipata sehemu ya ushahidi wake hapa kwetu.

Sasa nije kwenye swali lako la nadharia ipi iliyo sahihi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huzichukua nadharia kama Simba na Yanga: uchague moja, uvae jezi yake, uizomee nyingine. Huo ndio mwanzo wa insha mbaya. Nadharia ni namna ya kuliuliza tukio swali fulani kwa ukaidi, mpaka tukio litoe jibu au lionyeshe kwamba swali hilo halilitoshi. Kwa hiyo usiulize ipi ni ya kweli. Uliza kila moja inakulazimisha kutafuta ushahidi gani, na ni mahali gani inaishiwa pumzi. Tuvichukue vita vyenyewe.

Mhalisia ataanza na jambo moja ambalo haliepukiki: juu ya dola hakuna serikali. Hakuna polisi wa dunia ambaye Tanzania ingempigia simu mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yalipoingia na kulikalia eneo la kaskazini ya mto Kagera, wala Novemba Mosi, Idi Amin alipotangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Katika hali hiyo kila dola hujihesabia nguvu zake na za jirani yake. Kwa hesabu hiyo, kuwatoa wavamizi na kusimama mpakani kusingemaliza hatari, kwa kuwa adui aliyeondoka na jeshi lake angeweza kurudi. Uhasama wenyewe ulikuwa wa tangu Januari 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote na Obote akapewa hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kuingia Uganda wakitokea upande wetu wakashindwa, na ndege za Amin zikashambulia Bukoba na Mwanza. Ukilieleza jambo hili, lieleze lote, pamoja na jaribio hilo la mwaka 1972, hata kama halipendezi masikioni mwetu. Mhadhiri akiona umeliruka atajua kwamba bado unahutubia.

Lakini hapo hapo uhalisia wa kawaida unakwama. Kama dola hupima nguvu kabla ya kutenda, kwa nini Uganda, iliyokuwa ikidhoofika mwaka hadi mwaka, ilimchokoza jirani mwenye watu wengi zaidi na jeshi lenye nidhamu zaidi? Jibu halipatikani ukiitazama Uganda kama kitu kimoja kisicho na ndani. Mwaka 1959 mwanazuoni wa Marekani, Kenneth Waltz, alipendekeza kwamba sababu za vita zitafutwe katika ngazi tatu: kwa binadamu mwenyewe, katika muundo wa ndani wa dola, na katika mfumo mzima wa mataifa. Kwa mwanafunzi anayeanza, sijui chombo chenye manufaa zaidi ya hiki. Katika ngazi ya kwanza yuko Amin mwenyewe, majivuno yake na maamuzi yake ya ghafla. Wengi huishia hapo, hasa sisi Watanzania, kwa sababu neno nduli linatosha kutumaliza kiu ya maelezo. Katika ngazi ya pili utakuta jeshi lililogawanyika, vikosi vilivyoasi mwaka huo huo wa 1978, na uchumi uliobaki ukitegemea kahawa wakati bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imeanza kushuka; na Oktoba 1978 Bunge la Marekani likapitisha marufuku ya biashara na Uganda, ambayo kahawa yake ilikuwa na soko kubwa huko. Mtawala ambaye askari wake wanaasi anaweza kuona kwamba vita vya nje vitampunguzia vita vya ndani. Katika ngazi ya tatu iko Vita Baridi: Muungano wa Kisovieti ulikuwa umempa Amin silaha nyingi, lakini haukuja kumnusuru, aliyekuja ni Libya, ambayo askari wake walipigana upande wa Amin huko Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979 wakashindwa.

Umeona kwamba kwa aya hiyo moja tayari una uchambuzi? Hujamtetea Amin hata kidogo. Umeeleza tu kwa nini alifanya alichofanya, na umeonyesha kwamba ubaya wa mtu peke yake hautoshi kueleza kwa nini alivamia mwaka 1978 na si mwaka 1975. Baba mdogo akisema unasomea kumtetea nduli, mweleze kwa heshima jambo hilo la mwaka, kisha umsikilize atakujibuje.

Mliberali atauliza swali jingine: vyombo vya ushirikiano vilikuwa wapi? Hapa kuna mengi, na sioni sababu ya kuyapita haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mojawapo ya sababu zake, ingawa si ya pekee, ilikuwa kwamba tangu mapinduzi ya 1971 Mwalimu alikataa kuketi meza moja na Amin, kwa hiyo Mamlaka ya marais watatu, chombo cha juu cha Jumuiya, haikukutana tena. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972, yaliyosimamiwa na Rais Siad Barre wa Somalia, yalizuia vita kwa muda bila kuondoa chanzo. Mwaka 1975 OAU ilifanya mkutano wake wa wakuu Kampala na Amin akawa mwenyekiti, Tanzania ilisusia. Uvamizi ulipotokea, Tanzania ilitaka OAU imlaani mvamizi, Amin aachane na madai yake ya ardhi, alipe fidia na atoe ahadi ya kutorudia. OAU ikajishughulisha na usuluhishi, bila kumlaani. Mliberali hatasema kwamba vyombo havina maana. Atasema kwamba dola zilijenga chombo kisicho na meno kwa makusudi, kwa kuwa hakuna rais aliyetaka meno hayo siku moja yamgeukie.

Nadharia ya ujenzi wa kijamii ndiyo ninayokushauri uiweke pamoja na uhalisia katika insha yako, na nitakuambia kwa nini. Inauliza ni mawazo gani ambayo watu wameyakubali kiasi cha kuyaona kama sehemu ya dunia yenyewe. Chukua mpaka wenu. Mstari ule unaofuata latitudo ya nyuzi moja kusini ya ikweta ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, watu ambao hawakuujua mto Kagera kama mnavyoujua ninyi wa Missenyi. Amin alidai kwamba mpaka wa asili ni mto. Kijiografia dai hilo halikuwa la kichekesho, kwani mto unaonekana na mstari hauonekani. Lakini Afrika haikulikubali, kwa sababu Julai 1964 huko Cairo wakuu wa OAU walikuwa wameazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na aliyelipeleka azimio hilo mbele ya wenzake alikuwa Nyerere mwenyewe. Kanuni hiyo ndiyo iliyomnyima Amin hoja yake Novemba 1978. Na kanuni hiyo hiyo, miezi michache baadaye, ndiyo iliyowafanya viongozi wengine wa Afrika wasitulie walipoona jeshi la Tanzania limeuvuka mpaka ule ule. Ukiweza kuionyesha kanuni moja ikikata pande mbili, mhadhiri hataweza kukuandikia tena kwamba umeleta nadharia bila vita.

Ziko nadharia nyingine. Wafuasi wa mkondo wa utegemezi, wanaosema umaskini wa nchi zetu unatokana na kuzitegemea nchi tajiri, na ambao Dar es Salaam iliwasikia sana enzi mwanahistoria Walter Rodney alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu, wangekuuliza silaha za pande zote mbili zilinunuliwa wapi na kahawa iliyozilipia ilinywewa wapi. Ni swali zuri, lakini kwa insha ya nadharia mbili liache lisubiri.

Sasa ile kazi ya pili, ya kuhukumu. Kosa kubwa hapa ni kulijibu swali kwa ndiyo moja au hapana moja. Vita hivi vilikuwa na hatua, na kila hatua ina hukumu yake. Kuanzia Novemba 1978 hadi wavamizi walipoondolewa, hakuna mwanasheria makini atakayebishana nawe: Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaitambua haki ya asili ya kujilinda dhidi ya shambulio la silaha. Hatua ya pili ni kuvuka na kuuteka Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, Januari 1979. Hapo hoja ya kujilinda bado inasimama, kwa sababu mizinga iliyowekwa upande wa pili ingeendelea kuwatishia watu wa upande huu, na Amin alikuwa hajaachana na madai yake kwa namna ya kuaminika. Hatua ya tatu, kutoka Masaka mwezi Februari hadi Kampala Aprili 11 na hatimaye mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni, ndiyo yenye ubishi wote, kwa kuwa Ibara ya 2 ya mkataba huo huo inakataza matumizi ya nguvu dhidi ya uhuru wa kisiasa wa dola nyingine, na Mkataba wa OAU wa mwaka 1963 ulikuwa mkali zaidi kuhusu kutoingiliana.

Tanzania yenyewe haikudai kwamba iliingia Uganda kuwaokoa Waganda, na hili wanafunzi wengi hawalijui. Mwalimu alisema palikuwa na vita viwili: vita vya Tanzania vya kumwadhibu mvamizi, na vita vya Waganda wenyewe vya kujikomboa. Ndiyo maana mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliowakusanya Waganda waliokuwa uhamishoni na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi, ulikuwa na uzito mkubwa kiasi kile. Unaweza kuiona hoja hiyo kuwa ya kweli, unaweza kuiona kuwa kifuniko cha kisheria. Ila huwezi kuiacha. Katika mkutano wa OAU huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimkosoa Mwalimu waziwazi, na rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kuitetea Tanzania.

Ukitaka insha yako ipande juu ya zile za wenzako, weka mlinganisho mmoja. Desemba 1978, vita vyetu vikiwa vinaendelea, Vietnam iliingia Kambodia, na Januari 1979 ikauondoa utawala wa Pol Pot, ambao ukatili wake haukuwa mdogo kuliko wa Amin. Vietnam nayo ilikuwa imeshambuliwa mipakani kabla ya hapo. Matendo mawili yanafanana karibu kila upande, lakini dunia iliyapokea kwa namna tofauti kabisa. Serikali mpya ya Kampala ilitambuliwa kwa haraka na Baraza la Usalama halikutoa azimio lolote kuhusu vita vya Kagera. Vietnam ilijadiliwa kwenye Baraza la Usalama hadi Muungano wa Kisovieti ukalazimika kutumia kura ya turufu kuikinga, China ikaishambulia mwezi Februari, na kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kikabaki kwa Khmer Rouge, kundi la Pol Pot, kwa miaka. Sheria ilikuwa ile ile. Je, tofauti ililetwa na nguvu, yaani kwamba Vietnam ilikuwa mshirika wa Moscow wakati Amin hakuwa na mkubwa aliyemlilia? Au ililetwa na jinsi Nyerere alivyojulikana duniani, na kwamba Tanzania haikutarajiwa kuimeza Uganda? Mimi naona nguvu ndiyo iliyoamua zaidi na sifa ya mtu ikasaidia. Mhadhiri wako anaweza kuona kinyume, na hapo ndipo mnapaswa kubishana.

Kwa kuwa umeniuliza ushauri, nitasema na hukumu yangu kuhusu hatua ya tatu, ili usidhani kwamba uchambuzi ni kujificha. Naona kwamba kisheria, kwa sheria ya wakati ule, kwenda hadi Kampala kulizidi kujilinda. Naona pia kwamba kusimama Mutukula na kumwachia Amin muda wa kujijenga upya kungekuwa uzembe kwa watu wa Kagera. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila raha. Mwaka 2000 Afrika ilijaribu kuipunguza karaha hiyo: Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, katika Ibara ya 4, inaupa Umoja haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Angalia lakini kwamba haki hiyo ni ya Umoja kwa uamuzi wa wakuu wa nchi, si ya jirani mmoja mwenye jeshi. Na katika mizani ya hukumu usisahau yaliyofuata: gharama ambayo uchumi wa Tanzania uliibeba kwa miaka, uharibifu wa Masaka na Mbarara, Lule kuondolewa baada ya wiki chache, uchaguzi uliobishaniwa wa Desemba 1980 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Luwero. Anayehukumu tendo la dola bila kutazama matokeo yake amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu Babu, usimwendee tena na kitini. Mwendee na hotuba. Mtu wa umri wake, aliyekuwa mgambo, ataikumbuka bila kusomewa hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Mwombe akueleze, yeye kama mgambo, aliuelewaje kila upande wa kauli hiyo. Uwezo: mlipewa silaha gani, mlifundishwa wapi na kwa muda gani, mlisafirishwaje? Sababu: mliambiwa mnapigania nini kabla ya kufika Kyaka, na mliambiwa nini tena mlipoamriwa kuvuka Mutukula? Nia: ni lini wewe mwenyewe uliona kwamba safari hii haiishii mpakani? Umegundua kwamba maswali hayo yanagawanyika takriban kama nilivyokugawia hapo juu, nguvu, haki, na mawazo? Utamsikiliza kwa adabu, utaandika tarehe na mahali kama anavyovikumbuka, na hutambishia. Kuna mambo ya Masaka ambayo huenda hatapenda kuyasema, usiyachimbe.

Ila ujue mipaka ya ushahidi wake. Babu ni shahidi bora kuliko kitabu chochote kuhusu yale yaliyotokea kwenye kikosi chake. Hakuwa chumbani pale uamuzi wa kuendelea hadi Kampala ulipofanywa, kwa hiyo kumbukumbu zake haziwezi kuthibitisha kwa nini uamuzi huo ulifanywa. Kuutumia ushahidi wake mahali pake ni kumheshimu zaidi kuliko kumwekea mdomoni yale asiyoweza kuyajua. Na hapana, hujamsaliti. Waliozikwa Kaboya walitii amri. Swali la sheria linaihusu dola iliyotoa amri, na kitini chako kingefanya vyema kulisema hilo wazi.

Insha yenyewe iandike hivi. Anza kwa kulitenganisha swali, kisha uzitaje hatua tatu za vita kwa ufupi, kwa kuwa mhadhiri anavijua vita na hahitaji kurasa sita. Sehemu kubwa iwe ya kueleza, kwa uhalisia na nadharia ya ujenzi wa kijamii, kila moja ukiionyesha inapofika na inapokwama. Maana ya nadharia isizidi sentensi mbili. Wanafunzi huzirefusha kwa sababu kunakili ni rahisi. Kisha hukumu, hatua kwa hatua, pamoja na Kambodia. Hitimisho lako linaweza kuwa lile lile la mwanzo, kwamba tulikuwa na haki, ilimradi msomaji asiyekubaliana nawe aione hoja yake imetajwa kwa nguvu zake zote.

Taarifa za habari za nje endelea kuzisikiliza, lakini usizifuate zote. Chagua jambo moja, mathalani uhusiano wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge mwaka 2022, ulifuate mwaka mzima kwa daftari lako mwenyewe. Kila wiki jiulize habari uliyoisikia ni ya ngazi ipi kati ya zile tatu za Waltz.

Na kuhusu uhasibu, mwambie baba mdogo kwamba unamwomba akupe hadi mwisho wa mwaka wa kwanza. Wasiwasi wake wa ajira una msingi, kwa kuwa nafasi za kibalozi ni chache na waombaji ni wengi, na wahitimu wengi wa fani hii huishia kwenye mashirika, forodha, uandishi wa habari na taasisi za kikanda, ambako anayejua Kifaransa hutangulia. Kama chuo chenu kinafundisha Kifaransa, jiandikishe muhula ujao kabla nafasi hazijajaa.